Posho ya Unyiha katika Hesabu ya Manowari

Huku Iyula, na kote Mbozi hadi Tunduma, historia ya manowari huhesabiwa kuwa mali ya watu wa pwani. Sisi tuna kahawa, tuna TAZARA, tuna mpaka na foleni zake za malori. Mwalimu akifundisha Vita Kuu ya Kwanza hutaja Tanga, hutaja Rufiji, kisha humalizia kwa von Lettow-Vorbeck kusalimisha silaha Abercorn mwezi Novemba 1918, na nyanda zetu hupitwa kana kwamba hazikuwa na watu. Dai hili nalipinga, na shahidi wangu wa kwanza ni wanamaji wenyewe.

Mwaka 1916 idara ya ujasusi ya Wizara ya Majini ya Uingereza ilitoa kitabu kinene cha mwongozo kuhusu Afrika Mashariki ya Kijerumani. Bandari na mwambao vimo, kama mtu angetarajia. Lakini humo pia mna njia za miguu, makabila, mazao, mito na mahali pa kupata maji, bara kwa bara hadi kwenye maziwa. Kitabu hiki wanahistoria wetu wanakigusa kidogo mno. Wizara ya watu wa meli ilihangaika kujua nani analima nini mbali na bahari kwa sababu za kihesabu, na hesabu hizo ndizo zinazotuingiza sisi katika habari ya manowari.

Ya pwani nayapita haraka, maana yameandikwa sana. Meli za kivita za Seyyid Said zinajulikana. Dhoruba ya Aprili 1872 iliyovunja meli za Sultani bandarini Unguja inajulikana. Na meli ya Glasgow, ambayo Sultani Barghash aliiagiza Scotland na ikashushwa majini 1878, ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, baada ya miaka mingi ya kukaa nangani. Katika habari hizo zote meli ilifika yenyewe ikielea. Bahari ilifanya kazi ya usafirishaji bure. Ziwani mambo ni mengine: kabla meli haijaelea, sharti ibebwe.

Stima ya kwanza ya Ziwa Tanganyika ilikuwa Good News ya wamisionari wa London Missionary Society. Ilikuwa na urefu wa mita 16 hivi, ililetwa vipandevipande kwa Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa hadi Karonga, kisha ikavushwa nyanda za juu kwenda Tanganyika, ambako ilishushwa majini mwaka 1885. James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow, alitoa fedha za kukata barabara kati ya maziwa hayo mawili. Injinia James Stewart aliyeanza kuipima na kuikata alifariki 1883. James Roxburgh, aliyekuja kuiunga meli, alifariki mwaka uleule iliposhushwa. Barabara yenyewe haikukamilika kamwe, lakini mkondo wake ukawa njia kuu ya misafara, ukipita Mwenzo na Fife, yaani jirani kabisa na Nakonde na Tunduma za leo. Mpaka wa 1890 uliwekwa makusudi ili njia hiyo ibaki upande wa Waingereza. Kwa hiyo hata mstari unaotenganisha Tunduma na Nakonde una asili yake katika swali la nani atapitisha mizigo ya kwenda ziwani.

Tufanye sasa hesabu ambayo kila mkuu wa msafara aliijua kwa moyo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, kilo 27. Posho yake ya unga ni kama ratili 2 kwa siku. Mtu aliyebeba unga mtupu, basi, amebeba chakula chake mwenyewe cha siku 30. Kutoka Karonga hadi Tanganyika ni zaidi ya kilomita 300, na msafara wenye mizigo mizito hauendi zaidi ya kilomita 20 kwa siku. Siku 15 kwenda, 15 kurudi. Mpagazi wa unga angefika ziwani na nusu ya mzigo, na nusu hiyo ndiyo ya kumrudisha kwao. Hapabaki hata konzi moja kwa ajili ya mwenzake aliyebeba bamba la chuma, wala kwa wale walioshirikiana kubeba kipande cha boila.

Maana yake ni kwamba chuma hakikuweza kuvuka kwa chakula cha Nyasa. Kilivuka kwa chakula kilichonunuliwa, au kuchukuliwa, njiani: ulezi, maharage, viazi vitamu na mahindi ya Wanyiha, Wanamwanga na Wamambwe. Malipo yalikuwa vitambaa, merikani iliyopimwa kwa mkono. Mwaka wa mavuno mabaya kijiji hakikuwa na cha kuuza, na msafara ulisimama hata kama fedha za Glasgow zilikuwa tele. Ukinitaka nitaje ghala la kwanza la mafuta la stima za Tanganyika, nitakuonyesha vihenge vya ulezi vya nyanda hizi. Na jambo hili linaniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu Wanyiha walikuwa wafua chuma mashuhuri, wenye tanuu zao na majembe yao, na ndio waliogeuzwa mabega ya kupitishia chuma cha wengine. Majina ya mainjinia tunayasoma hadi leo. Waliobeba wamebaki kuwa "wapagazi" tu.

Wajerumani walijifunza hesabu hiyohiyo kwa gharama kubwa. Stima waliyoiita Hermann von Wissmann iligharimiwa kwa bahati nasibu iliyochezeshwa Ujerumani kwa jina la kupinga biashara ya watumwa. Mpango wa kwanza ulikuwa kuipeleka Ziwa Victoria. Mpango wa pili ukawa Tanganyika. Mwisho wake iliungwa Mpimbi kwenye mto Shire, ikashushwa majini 1893, na ikabaki Nyasa. Waandishi wa kikoloni walisifu busara ya kamanda aliyebadili mawazo. Mimi naona jambo rahisi zaidi: kila bara lilipozidi kuwa pana kati ya maji na maji, mpango ulipungua. Waliopanga walianza na meli, wakaiulizia njia baadaye.

Hebu tufike 1914. Tarehe 13 Agosti kamanda Rhoades wa meli ya Waingereza Guendolen aliikuta Hermann von Wissmann bandarini Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, ikiwa juu ya chelezo kwa matengenezo. Akaipiga mizinga. Nahodha Berndt, ambaye husimuliwa kuwa rafiki yake wa siku nyingi, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Kisa hiki kila mara husimuliwa kwa kicheko, na kicheko hicho kimeficha somo lake. Wajerumani walikuwa na meli moja tu ya kivita Nyasa. Meli moja ikiwa chelezoni, jeshi lote la majini la ziwa liko chelezoni. Wapangaji wa sasa husema kwamba ukitaka meli moja iwe doria wakati wote, unahitaji tatu: moja kazini, moja kwenye matengenezo, na moja mazoezini au njiani. Liuli ilionyesha kanuni hiyo waziwazi.

Si Liuli peke yake. Tarehe 20 Septemba mwaka huo manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa Unguja ikitengenezwa boila, na manowari ya Kijerumani Königsberg ikaikuta hapo ikaizamisha. Königsberg nayo ikaharibikiwa mitambo, ikajificha katika delta ya Rufiji, na vipande vyake vikaburutwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Ilipokuwa tayari kutoka, Waingereza walikuwa wamekwisha ziba mdomo wa mto. Katika miezi michache, meli tatu zilinaswa au kufungiwa kwa sababu ya matengenezo. Wanaopenda kuhesabu mizinga wangehesabu karakana kwanza.

Tanganyika ndiko mabishano yaliko makali. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, na kwa ajili hiyo tu Graf von Götzen iliwezekana: meli ya mita 67 hivi, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa, ikaja ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaungwa tena na kushushwa majini Februari 1915. Hakuna njia ya wapagazi ingeivusha Götzen. Waingereza wakajibu kwa mashua mbili za mbao, Mimi na Toutou, zenye urefu wa futi 40, zilizosafirishwa kutoka London hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kisha kuvutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe. Desemba 26, 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani. Mzinga wa Kingani ulikuwa mbele na haukuweza kupiga nyuma. Mashua zikaijia kwa nyuma. Februari 9, 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ya Wajerumani pia, ikazama.

Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, amefanywa kichekesho na waandishi wa Ulaya: sketi yake, chale zake, majigambo yake. Vitabu hivyo vinanichosha. Swali zito liko Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg. Mwanzoni mwa Juni 1916 Spicer-Simson alifika na mashua zake mbele ya boma, akaona mizinga ukutani, akaondoka bila kupiga. Tarehe 8 Juni jeshi la Waingereza chini ya Murray lilipoingia kutoka nchi kavu, likakuta boma tupu. Wajerumani walikwisha toroka kwa njia ya maji, na ile mizinga ilikuwa ya mbao. Wengi humwita mwoga na kufunga kitabu. Mimi nampa nafasi zaidi. Mashua zake zilikuja kwa safari ya miezi minne na nusu, na hazikuwa na za kuzibadili. Chombo kisicho na mbadala humfunga kamanda mikono. Aliyekosea ni mpangaji aliyedhani kwamba kushinda pambano na kulinda ziwa ni gharama moja. Hata hivyo kuwaachia maadui mitumbwi na majahazi ya kutorokea hakutetewi kwa hesabu yoyote.

Na Murray alitoka wapi? Alitoka huku juu. Tarehe 25 Mei 1916 vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Northey viliingia kutoka mpakani, upande wa Karonga, Fife na Abercorn, vikazishambulia ngome za Igamba, Luwiwa na Namema. Kwa hiyo bandari ya Kasanga ilianguka kwa miguu iliyovuka nyanda hizi, na miguu hiyo ililishwa na wapagazi. Rodesia ya Kaskazini ilitoa wapagazi kwa makumi ya maelfu. Chakula kilikuja pia kwa maji: maelfu ya wapiga kasia walipeleka shehena kwa mitumbwi kupitia Luapula, Bangweulu na mto Chambeshi. Kundi hilo la vyombo lilikuwa kubwa kuliko vyombo vyote vya kivita vya Tanganyika na Nyasa vikijumlishwa, na sijaona orodha ya wanamaji inayolitaja. Upande wa Wajerumani nao walichukua watu na nafaka katika vijiji hivihivi. Kwa hesabu rasmi ya Waingereza, wapagazi wao waliokufa Afrika Mashariki walizidi 40,000, na watafiti wa baadaye wameipandisha zaidi. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara, homa na posho isiyotosha. Ile hesabu ya ratili 2 ilipopunguzwa, pengo lilijazwa kwa maisha ya mtu.

Baada ya vita hadithi inakuwa fupi. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, mafundi wakiwa wamepaka mitambo grisi nzito ili siku moja iinuliwe. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ ilianzishwa 1971 kwa msaada wa China, makao yake Kigamboni, na mwaka 2015 ilipokea Mwitongo na Msoga. Kwa meli za aina hii, bei ya kununulia ni sehemu ndogo. Wataalamu wa bajeti za majeshi hukadiria kwamba theluthi mbili au zaidi ya gharama ya uhai wote wa meli huenda kwenye mafuta, mabaharia, vipuri na chelezo. Liemba yenyewe ni ushahidi: mwili wake ulilipiwa mara moja, mitambo ya mvuke ikaja kung'olewa na kuwekwa ya dizeli katika miaka ya 1970.

Ndiyo maana naona kasoro katika mjadala wetu wa kulinda Ziwa Nyasa na Tanganyika, ambao huanza na kuishia kwenye idadi ya boti. Boti ya doria ya Kasanga inahitaji dizeli, vipuri na fundi, na vyote hivyo vinakuja kwa barabara. Shehena inayotoka Dar es Salaam kwenda bandari ya Kasanga huacha barabara kuu ya Zambia hapa Tunduma, ikashika ya Laela na Sumbawanga, kisha Matai, hadi ziwani: kilomita 330 hivi, karibu sawa na safari ya wapagazi kutoka Karonga, na lori huimaliza kwa siku moja.