Taa ya Nobu Si Urembo

Wiki chache zilizopita, saa saba usiku, niliamsha ploti nzima. Nilikuwa nimejitengenezea nobu ya sauti ya laptopu: mikrokontrola ndogo, waya ya USB na ile kitu ya kuzungusha, zote ndani ya kopo la majani chai. Jioni niliizungusha hadi juu nikisikiza ngoma. Baadaye nikashusha sauti kwa vitufe vya laptopu, nikaendelea kuediti video. Halafu nikagusa nobu kidogo tu ili nishushe zaidi. Manze! Sauti ikaruka hadi mwisho. Jirani akagonga ukuta, na si mara moja.

Nilidhani programu yangu ndiyo mbovu. Kumbe hiyo shida iliwasumbua wanamuziki kabla mimi nizaliwe, na ndiyo imefanya leo tuwe na nobu za kuwaka taa. Naandika hii juu kila siku naona wasee wakinunua hizo nobu, wanaziweka zizunguke rangi zote za upinde wa mvua, wanapiga video, basi. Hapo mimi nakataa.

Anza na redio ya nyanya yako. Ndani ya nobu yake kuna potenshometa: kipande cha kaboni kilichopinda karibu duara zima, na mkono mdogo wa chuma unaoteleza juu yake. Mkono ukisogea, ukinzani wa umeme unabadilika na sauti inapanda. Kuna mahali inaanza na mahali inakataa kuendelea. Alama ikiangalia chini kushoto, redio iko kimya. Ikiangalia chini kulia, majirani wanajua habari za saa moja. Hata gizani vidole vinakuambia uko wapi. Redio yenyewe haikumbuki chochote. Nobu ndiyo kumbukumbu.

Sasa twende California, 1978. Dave Smith na kampuni yake, Sequential Circuits, walitoa kinanda cha elektroniki kinachoitwa Prophet-5. Kabla ya hapo, ukipata sauti tamu kwa sinthesaiza ulikuwa unachora kwenye karatasi kila nobu imeelekea wapi, ndio kesho uipate tena. Prophet-5 ilikuwa na prosesa ya Z80 na nafasi ya kuhifadhi sauti 40. Unabonyeza kitufe, sauti ya jana inarudi.

Lakini nobu hazikujizungusha zenyewe. Mashine inacheza sauti ya jana, nobu bado zinaonyesha ya leo. Ukigusa moja, sauti inaweza kuruka kutoka mahali mashine inakumbuka hadi mahali nobu iko. Hiyo ndiyo ilinipata mimi na kopo langu la majani. Siku mashine ilipata kumbukumbu, nobu ikaanza kudanganya.

Yamaha, 1983, walitoa jibu kali: ondoa nobu. DX7 yao ilikuwa na vitufe bapa, kioo kidogo na slaida moja ya kubadilisha namba. Ilishika dunia, uliisikia kila mahali kwa ngoma za miaka ya themanini, lakini kuitengenezea sauti mpya ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Wengi walibaki na sauti za kiwandani. Enyewe siwalaumu.

Jibu lingine lilikuwa enkoda, nobu isiyo na mwisho. Ndani kuna sahani yenye mapengo na migusano miwili ya chuma. Ukizungusha, kila mguso unashika na kuachia, kimoja kikitangulia kingine kidogo. Ukiangalia nani ametangulia, unajua kama mkono unaenda kulia au kushoto. Ukisoma migusano yote miwili pamoja unapata 00, 01, 11, 10, halafu unarudi mwanzo. Kila hatua tarakimu moja tu ndiyo inabadilika, kwa hivyo mashine haichanganyikiwi katikati. Mpangilio huo unaitwa kodi ya Gray, kwa jina la Frank Gray wa Bell Labs aliyepata patenti yake 1953. Yeye hata hakuwa akifikiria nobu, alikuwa anatafuta njia ya kugeuza sauti kuwa namba.

(Gurudumu la mausi yako pia ni enkoda. Na mausi ya kwanza ya Doug Engelbart, miaka ya 1960, ilitumia potenshometa mbili. Fikiria mausi inayofika mwisho.)

Sasa ona bei ya huo uhuru. Enkoda inajua tu "nimesogea hatua moja kulia". Haijui iko wapi, na wewe ukiiangalia hujui pia. Haidanganyi tena, lakini ni bubu. Ndio maana Clavia, kampuni ya Uswidi, ilipotoa Nord Lead 3 mwaka 2001 iliweka duara la taa ndogo kuzunguka nobu zake. Ukiita sauti uliyohifadhi, taa zinaruka hadi mahali pake. Mkono unazungusha, mashine inakumbuka, taa inakuonyesha mashine inakumbuka nini.

Ile enkoda tunayonunua sisi, yenye shafti ya kupitisha mwanga na taa nyekundu, kijani na bluu ndani, imekuja juu ya hiyo njia. Na bila bluu isingekuwepo. Taa ya LED ya bluu yenye mwanga wa maana ilitolewa na Shuji Nakamura, Japani, mwaka 1993, na 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Nobel. Wasee walihangaika miaka mingi kupata hiyo rangi, halafu wewe unaifanya disko isiyosema kitu?

Kopo langu sasa lina enkoda ya taa. Sauti ikiwa chini ni bluu, katikati kijani, ikikaribia mwisho nyekundu. Nikitumia vitufe vya laptopu, laptopu inaituma namba na rangi inabadilika bila mimi kugusa nobu. Siku ya kwanza rangi zilikuwa kinyume kabisa, juu yangu ni ya anodi ya pamoja: ukiiandikia 255 inazima, 0 inawaka yote. Nilipoteza jioni nzima hapo.

Imebaki kitu kimoja. Nikichomoa waya, ikiamka inadhani sauti ni sifuri, kwa hivyo imebidi niifundishe iulize laptopu kwanza kabla ya kuwasha rangi yoyote. Redio ya nyanya, stima ikipotea na kurudi, inaendelea pale pale alipoiacha.