Sura ya Kaisari kwenye Shuka

Katika filamu ya Yesu iliyotoka mwaka 1979, ile iliyotafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, Kaisari mwenyewe haonekani. Kinachoonekana ni uso wake kwenye dinari, pale wanaomtega Yesu wanapoulizwa sura hiyo ni ya nani. Wengi wetu tuliitazama usiku uwanjani, shuka jeupe limefungwa kati ya miti miwili, jenereta likinguruma kwa nyuma. Kwa hiyo mtawala wa Roma tuliyekutana naye kwanza kwenye picha ni mtu wa sarafu: yuko mbali, hasemi, na anadai kodi.

Huku Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, mtu wa namna hiyo hakuwa mgeni. Rupia za Wajerumani zilibeba kichwa cha Wilhelm wa Pili, kikizungukwa na Kilatini: Guilelmus II Imperator. Cheo hicho ni cha Kirumi, na hata Kaiser, jina aliloitwa kwao, ni lile lile Caesar lililopita midomo ya Wajerumani. Walipoondoka wakaja Waingereza, na kuanzia 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ikawa na George wa Tano, Rex et Ind: Imp:, yaani mfalme, na kwa India kaisari. Dhahabu ya Lupa ilipovuta watu hadi Chunya na Saza katika miaka ya 1920 na 1930, kibarua alilipwa kwa shilingi hizo. Alitembea na kaisari mfukoni, na mwisho wa mwaka alimrudisha serikalini kama kodi ya kichwa.

Sinema nayo ilianza kwa upande huo huo. Wale wa Vugiri, Tanga, waliotengeneza filamu kwa ajili ya wanavijiji kati ya 1935 na 1937 na kuzizungusha kwa lori, hawakuhangaika na Nero wala Augusto. Walionyesha minyoo, chai, benki ya posta. Filamu yao mojawapo ilihusu kodi. Sarafu ilitangulia kwenye shuka, mwenye sura akafuata miaka mingi baadaye.

Alipofika, swali lilikuwa aitweje, yeye na watu wake. Watafsiri wa Biblia walipomtafutia Pilato cheo walichukua liwali, neno la pwani, la mtu aliyetawala mji kwa niaba ya Sultani na ambaye Wajerumani na Waingereza walimrithi wakamtumia. Jiwe lililofukuliwa Kaisaria mwaka 1961 linamtaja Pilato kama praefectus, na kwa maoni yangu liwali linamkaa vizuri kuliko vyeo vingi anavyopewa kwenye filamu za Kizungu: ni mtu wa kutumwa, mwenye askari na anayeogopa barua kutoka juu. Tafsiri ya Habari Njema ya miaka ya 1990 ikamhamisha tena. Humo Yesu anasimamishwa mbele ya mkuu wa mkoa. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa 2016 na mkuu wake anakaa Vwawa, kwa hiyo msomaji wa Mkwajuni akifika hapo kwenye Mathayo lazima atabasamu kidogo.

Kaisari wa jukwaani tulimpata kwa mkono wa rais. Mwaka 1963 Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, jina likiandikwa Julius Caezar. Mwaka 1969 akairekebisha na kuiita Juliasi Kaizari. Ona alivyoacha Kaisari la makanisani na kuchonga lake. Mtu aliyebatizwa Julius, akiwa Ikulu, anakaa usiku kutafuta Kiswahili cha kumuulia Julius mwingine! Sijui kiongozi gani mwingine wa zama zake aliyejipa kazi kama hiyo.

Filamu kubwa za Kirumi, kama Quo Vadis ya 1951 ambamo Peter Ustinov ni Nero, Ben-Hur ya 1959 na Cleopatra ya 1963, zilikuwa za majumba ya sinema, na majumba yalikuwa mijini. Televisheni ndiyo kabisa. Zanzibar iliwasha yake 1973, bara tukasubiri mpaka 1994. BBC ilipoonyesha I, Claudius mwaka 1976, Derek Jacobi akigugumiza kama Klaudio, huku barani hakukuwa hata na kituo cha kuinyakua.

Kaisari wa sura na sauti alikuja na deki. Kibanda umiza kilikuwa turubai, mabenchi ya mbao, vumbi la barabara ya Mbalizi, na wachimbaji wadogo waliotoka mashimoni na hela ya kiingilio. Filamu ilikuwa imetafsiriwa, kwa maana ya kibandani: mtu mmoja anasema juu ya sauti zote, anasimulia, anaonya, anacheka. Derek Mukandala, Lufufu, aliifanya kazi hiyo ijulikane nchi nzima. Katika Gladiator ya 2000 niliyoiona hapa, mtafsiri, ambaye simjui jina, aliwaita walinzi wa Commodus askari wa Ikulu na Seneti akaiita bunge. Kaisari alipomwambia dada yake maneno ya kulainisha, mtafsiri alimpa sauti ya kiongozi anayefungua kikao cha maendeleo. Mabenchi yalianguka kwa kicheko. Joaquin Phoenix alikuwa amecheza uso, Kiswahili kikacheza mamlaka.

Mwanahistoria atalalamika, na ana haki. Marcus Aurelius hakuuawa na mwanawe. Alifariki mwaka 180 akiwa vitani upande wa Danube, na Commodus alikuwa ametawala pamoja naye tangu 177. Commodus hakufia uwanjani pia. Alikabwa koo na mpiganaji wa mieleka aitwaye Narcissus, mwisho wa mwaka 192. Maximus, shujaa wa filamu hiyo, hakuwahi kuwepo. Lakini kibandani malalamiko yalikuwa mengine kabisa: Maximus amekufa, na kanuni ya kibanda ni kwamba steringi hafi. Kuna waliodai CD imekatwa.

Cha ajabu ni kwamba makaisari wa Afrika ndio waliochelewa kuliko wote. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alitawala kuanzia 193 hadi 211, na sinema kubwa zimempita kama hayupo. Wanawe Caracalla na Geta wamepata nafasi katika Gladiator II ya 2024, wamepakwa poda, weupe kama unga wa muhogo. Humo pia yumo Macrinus, aliyechezwa na Denzel Washington. Macrinus wa kweli alikuwa mwanasheria kutoka Kaisaria ya Mauretania, Algeria ya sasa, akawa kaisari 217 bila kuwahi kuwa seneta, akauawa 218. Filamu imemfanya mtumwa wa zamani, mfanyabiashara wa wapiganaji, mwenye pete nyingi na hila zaidi ya pete.

Mwongozaji alimkusudia awe adui. Mabenchi yaliamua vinginevyo tangu alipoingia na kutabasamu: huyu ndiye steringi. Walimfuata yeye, walimshangilia kila alipomzunguka mkubwa mmoja, na yule kijana wa jukumu kuu wakamwona kikwazo. Macrinus alipochomwa upanga pale mtoni, filamu ilikuwa bado na dakika zake. Benchi la nyuma likaanza kusimama na kutafuta kandambili.

— Kaeni, haijaisha, mwenye kibanda akasema.

— Steringi kafa, mzee. Tunasubiri nini?