Haraka, Harakati na Sukuni



Mdogo wetu mmoja anayetarajia kuolewa Mfunguo Tatu, inshaallah, ameniuliza jambo ambalo sikuweza kumjibu kwa mstari mmoja. Bwana harusi ni kijana wa Kabanga, kule Kasulu mkoani Kigoma, naye atahamia huko. Hapa kisiwani ni katibu wa kikundi cha kina mama. Wanaweka na kukopeshana, na mwaka jana walihangaikia maji ya mtaa wao mpaka yakapatikana. Upande wa mume wameleta salamu: akifika atulie, mambo ya harakati basi. Anauliza, ndiyo dini inavyotaka?

Nianze na neno lenyewe. Tuliosoma chuoni tunakumbuka: herufi yenye fataha, kasra au dhuma ina haraka, inakwenda, ikiwekewa sukuni inasimama. Kwa Kiarabu haraka ni mwendo wowote, hata wa jani. Sisi tukaifanya mbio, tena tukasema haina baraka. Wingi wake, harakati, tukaupa kazi nyengine: watu wengi kusimama kwa jambo moja. Sukuni nayo ina ndugu zake, sakina na maskani. (Hapa kwetu maskani ndipo siasa inapozungumzwa mchana kutwa. Neno la kutulia limehamia upande wa pili na hakuna aliyeshangaa.)

Surat Rum inatufundisha kwamba katika ndoa watu hupata utulivu. Ni kweli, na kila somo humwambia mwari hivyo. Lakini Bi Hajar alipoachwa kwenye bonde kavu alitulia kwa kumwamini Mola wake, na maji yalipokwisha akakimbia baina ya Safa na Marwa mara saba. Mwendo ule wa mama mmoja mwenye mtoto mchanga ndio sai ya mahujaji mpaka leo, wanaume kwa wanawake.

Sasa twende huko anakokwenda bibi harusi. Nchi ya Waha inajua sana habari za kwenda. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya vita vya kwanza, Waingereza walipotawala, Kasulu na Kibondo zikawa mahali pa kutafutia vibarua wa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na vijana wa Kiha wakasafirishwa mpaka Tanga kwa mikataba. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wake zao walibaki na jembe, watoto na wazee. Baadaye, mwaka 1972, serikali ikawahamisha watu wa Kigoma kwenye vijiji vya ujamaa. Na wakimbizi wa Burundi na Kongo nao wamepita huko kwa miaka mingi. Watu walikwenda, tena wengi, lakini safari zile nyingi zilipangwa na wengine. Huo ni mwendo, ila siwezi kuuita harakati.

Harakati ya wanawake naiona Dar es Salaam, mwaka 1955. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu. Alipofika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Hawakuwapo wa kuonyeshwa. Akatafutwa Titi binti Mohamed, mwanamke wa Kiislamu wa miaka ishirini na kitu, aliyewahi kuwekwa ndani alipovunja ungo na kuozwa akiwa bado msichana mdogo. Wakati huo alijulikana kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mumewe, Boi Selemani, alichukua kadi namba 15, yeye akachukua namba 16. Linganisheni namba hiyo na zile za manamba.

Bi Titi hakuanza kwa hotuba za uwanjani. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma za wanawake, maana wao tayari walikuwa na wanachama, michango, vyeo na desturi ya kuitana. Watumishi wa serikali walikatazwa siasa, wakaogopa kufukuzwa kazi. Muuza maandazi hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Katika miezi michache wanawake zaidi ya 5,000 walijiunga. Mikono iliyozoea kwenda pamoja kwenye lelemama ilijua pia kuchangishana na kufikishiana habari. Sisemi ngoma zile zilikuwa safi zote. Masheikh walizikemea, na baadhi ya makemeo yalikuwa na haki. Nasema kwamba kukusanyika kwa wanawake hakukuletwa na wageni. Mombasa pia vyama vya lelemama vilikuwapo miaka mingi kabla, vikishindana kwa mavazi na nyimbo na kuzikana kwa heshima.

Sitamficha mdogo wangu sehemu chungu. Ndoa ya Bi Titi na Boi haikudumu; safari za chama ziliielemea. Baada ya uhuru aliongoza Umoja wa Wanawake na kuwa waziri mdogo, kisha akashitakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000. Barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na wengi wanaopita pale kwenye foleni hawajui alianza kwenye ngoma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiwajibu wakweo kwa hasira, wala usikubali kwa haya ya ubibi harusi. Akdi bado. Mtume shangazi yako aulize kwa adabu, "kutulia" wamekusudia nini: usitoke bila ruhusa, au usikutane na wenzako kabisa? Na aulize pia kina mama wa Kabanga wanakutana siku gani.