Kira, Hakamada na jina lililoandikwa: nani anamhukumu mwenye kuhukumu?



Wengi wetu tulitazama Death Note tukiwa bado chuoni, flashi moja ikizunguka chumba kwa chumba. Na ubishi ulikuwa ule ule kila mara: Kira alikuwa na haki ao hapana? Mimi nilikuwa upande wa Kira kabisa. Leo siko tena upande huo, na kilichonitoa njo historia ya Japani yenyewe.

Kwanza tukumbushane. Hadithi hii, maneno ya Tsugumi Ohba na michoro ya Takeshi Obata, ilianza kutoka ndani ya jarida Weekly Shonen Jump mwezi wa 12 mwaka 2003. Studio Madhouse ikaifanya anime ya sehemu 37, kuanzia mwezi wa 10 mwaka 2006 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2007. Light Yagami, mwanafunzi mwenye akili sana na mtoto wa mkubwa wa polisi, anaokota daftari. Ukiandika jina la mtu huku unawaza uso wake, anakufa. Usipotaja namna ya kufa, moyo wake unasimama baada ya sekunde 40.

Wa kwanza kuandikwa alikuwa mtu aliyeteka watu, Light akimwona kwenye televisheni. Sawa. Lakini wa pili? Kijana wa pikipiki aliyekuwa anamsumbua dada mmoja barabarani. Hakuwa ameua mtu. Tuko bado katika sehemu ya kwanza, na hukumu imekwisha kushuka kutoka kwa mtekaji mpaka kwa mkorofi wa mtaani. Hakuna aliyemwambia Light simama hapo.

Na yule L tunayempenda? Alimweka mbele ya kamera mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo, kama chambo, ili aone kama Kira atamuua. Akauawa kweli. Baadaye akamfunga Misa kamba na kumziba macho siku nyingi, wakati bado anamshuku tu. Waandishi hawakumwachia mtu yeyote mikono safi.

Sasa tutoke kwenye katuni. Japani inanyonga mpaka leo. Mfungwa anaambiwa asubuhi ile ile ya kunyongwa, na familia inajulishwa baada ya kazi kuisha. Kwa miaka mingi wizara ya haki haikutangaza kitu. Tangu 1998 ikawa inatoa hesabu tu: leo wamenyongwa kadhaa. Majina yalianza kutangazwa mwezi wa 12 mwaka 2007, miezi michache baada ya sehemu ya mwisho ya anime. Sisemi kama njo waandishi walikuwa wanalenga hapo. Lakini wakati Kira anaua kwa kuandika majina, serikali ilikuwa inaua bila kuyasema.

Kati ya waliokuwa wanangoja asubuhi hiyo kulikuwa Iwao Hakamada. Mwaka 1966, mkoani Shizuoka, mkubwa wa kiwanda cha miso aliuawa pamoja na mke wake na watoto wawili, nyumba ikachomwa. Hakamada alikuwa mfanyakazi wa pale, zamani mchezaji wa ngumi. Alihojiwa karibu siku 20, saa nyingi kila siku, mpaka akakubali kosa. Mbele ya mahakama akakana. Mwaka 1967 nguo zenye damu zikaonekana ndani ya pipa la miso. Mwaka 1968 akahukumiwa kifo.

Hapa mimi mtu wa kilimo nikasimama. Miso ni maharagwe ya soja yaliyochachuliwa kwa chumvi na ukungu wa koji. Kadiri miezi inavyopita, inakuwa nyeusi zaidi, na kila kilichomo kinabadilika nayo. Nguo zile zilisemekana zimekaa mule zaidi ya mwaka, lakini damu ilikuwa bado na wekundu. Mwaka 2023 mahakama kuu ya Tokyo ilikubali kwamba jambo hilo halisimami, ikaamuru kesi irudiwe. Tarehe 26 mwezi wa 9 mwaka 2024 Hakamada akaachiliwa na hatia, akiwa na miaka 88. Mahakama ilisema wapelelezi njo walitengeneza ushahidi.

Kulikuwa hata jaji mmoja kati ya watatu wa 1968, Norimichi Kumamoto, ambaye hakuamini kosa lile. Alishindwa kwa kura, na yeye mwenyewe akaandika hukumu. Mwaka uliofuata akaacha ujaji. Alifungua kinywa mbele ya watu mwaka 2007.

Sasa fikiria Kira yuko hai mwaka 1966. Magazeti yanampa jina na uso wa Hakamada. Sekunde 40, imekwisha. Nani angepima miso? Dada yake Hideko angepigania nani? Mahakama ile ilikosea vibaya sana, ikamharibu mtu akili kwa miaka karibu 48 ya gereza. Lakini ilimwacha hai, na kosa likapata nafasi ya kurekebishwa. Daftari la Kira halina ukurasa wa rufaa.

Ninaandika haya juu mwezi wa 3 mwaka 2024 serikali yetu iliondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo, lililokuwapo tangu 2003. Ninaelewa hasira ya watu. Hata mimi ninayo. Na kwenye mitaa yetu iko jambo baya zaidi: mtu anapiga kelele "mwizi!", mawe yanaanza kuruka. Kira, na ubaya wake wote, alikuwa anahitaji kwanza kujua jina lako. Sisi hata jina hatuulizi.