Baridi na Kutasa: Maneno ya Maana Mbili katika Historia ya Tafsiri Taita

1. Utangulizi

Kila mfasiri, awe wa vitabuni au wa barazani, hukutana mapema na neno libebalo mizigo miwili. Warusi wana neno mir, lenye maana ya amani na tena ya ulimwengu. Kabla tahajia yao haijarekebishwa mwaka 1918, maana hizo ziliandikwa kwa herufi mbalimbali, lakini sikio halikupata kuzitenga. Wanalo pia neno pravda, ambalo ni kweli na ni haki kwa pamoja. Mwingereza atakaye kulitia neno hili katika lugha yake hana budi kuchukua kipande kimoja na kukiacha cha pili. Mswahili ana nafuu kidogo, kwa kuwa neno lake haki, mbali na kuwa jambo la mahakamani, ndilo aapialo ukweli wa maneno yake anaposema "haki ya Mungu".

Yafaa kutofautisha tangu mwanzo aina mbili za maneno yenye utata. Neno paa ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni tendo la kwenda juu. Hizo ni maana zilizokutana katika sauti moja bila ya udugu wa dhahiri, na mazingira ya sentensi huzitenganisha mara moja. Maneno kama hayo humchekesha mfasiri lakini hayamdhuru. Wenye kumdhuru ni maneno ambayo maana zake mbili ni ndugu wa tumbo moja, hata msemaji mwenyewe haoni kwamba amesema mambo mawili. Makala haya yanaangalia maneno machache ya aina hiyo katika historia ya Taita na Taveta, na hoja yake ni kwamba kosa la wafasiri halikuwa kukosa kisawe. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba katika maana mbili za neno, moja ndiyo ya kweli na ya pili ni ziada.

2. Njia ya Taita

Mji wa Voi umekaa katika njia ya Mombasa na Nairobi, karibu na mlima Sagalla, ambao katika maandishi ya zamani huitwa Ndara. Magharibi yake huinuka milima ya Dawida, na mbali upande wa kusini umesimama Kasighau. Msafiri ashikaye njia ya Mwatate, Bura na Maktau hufika Taveta, mlangoni mwa Kilimanjaro. Muda mrefu kabla ya reli kupita Voi mwishoni mwa karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita katika nchi hii ikienda bara. Kwa hiyo Taita palikuwa mahali pa kufasiriana. Wadawida, Wasaghala na Wakasighau walikuwa na maneno yao, Wachaga walikuwa na yao, na Kiswahili cha misafara kilipita katikati.

Katika njia hiyo alitembea Johannes Rebmann, mmisionari wa shirika la CMS, mzaliwa wa Gerlingen katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alifika pwani mwaka 1846 akajiunga na mwenzake, Johann Ludwig Krapf, huko Rabai. Mwezi Oktoba 1847 alifika Kasighau, na mwezi Aprili 1848 alianza safari ya Uchaga akiongozwa na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri.

3. Neno la Bwana Kheri

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, katika nyika iliyo kati ya milima ya Taita na Kilimanjaro, Rebmann aliona juu ya mlima weupe ulioshabihi wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Jibu alilopewa lilikuwa neno moja: baridi. Rebmann aliandika neno hilo katika shajara yake, kisha akaandika kwamba kwake yeye weupe ule hauwezi kuwa kitu kingine ila theluji.

Neno hili dogo lastahili kuchunguzwa. Katika Kiswahili baridi ni nomino na ni kivumishi. Husemwa maji baridi, na husemwa baridi imeingia. Ni hali ya hewa, ni sifa ya kitu, na ni kitu chenyewe kimpatacho mtu na kumtetemesha. Bwana Kheri hakuwa ametoka katika nchi ya theluji, wala hapakuwa na sababu ya watu wa Mombasa kuwa na jina la kila siku kwa kitu wasichokiona. Alifanya lile ambalo lugha yake hufanya daima, yaani alikiita kitu kwa sifa yake kuu. Mswahili amepata jina la rangi ya manjano kutoka katika kiungo cha mchuzi, na la kijivu kutoka katika jivu la mekoni. Lugha inayotoa sifa katika kitu haikosi kutoa jina la kitu katika sifa. Weupe uliomo juu ya mlima ni baridi kwa sababu baridi ndiyo habari yake iliyo kubwa kuliko weupe wenyewe.

Wala neno hilo halikuwa la kubahatisha. Katika safari zake Rebmann alisimuliwa habari za Rungwa, mtawala wa Machame, aliyetuma watu kupanda na kuuchunguza weupe ule. Katika waliokwenda alirudi mmoja tu, aliyeitwa Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibika. Kwa watu waliosimulia habari hiyo, baridi lilikuwa jina la kitu kilichokata vidole vya watu. Na aliporudi Uchaga baadaye mwaka huo huo wa 1848, Rebmann alielezwa kwamba wenyeji wana jina la weupe huo, Kibo, nao wanajua kwamba ukiyeyuka huwa maji. Jina hilo leo ni la kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, chenye mita 5,895.

4. Ubishi wa London

Habari za Rebmann zilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Mwezi Novemba mwaka huo Krapf naye, akiwa Maungu, mashariki ya Voi, aliuona mlima huo kwa mbali ukiinuka nyuma ya milima ya Taita, akakubaliana na mwenzake. Lakini huko London palikuwa na mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika Mashariki. Habari zake nyingi alizipata kwa wasafiri na kwa maandishi, mmoja wa waliompa habari akiwa Khamis bin Uthman, Mswahili aliyefika London. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 Cooley alikanusha kwamba pana theluji katika mlima ulio karibu na ikweta.

Msomaji wa leo aweza kumcheka Cooley, lakini ni bora kuuliza ni kitu gani kilichompa nafasi. Ushahidi wa mwenyeji aliyekuwepo ulikuwa neno moja lenye maana mbili. Lau Rebmann angaliandika tu kwamba kiongozi alisema ni hali ya ubaridi, msomaji wa Ulaya angalisema kwamba yule mtu alikuwa akizungumzia hewa ya asubuhi. Na lau angaliandika kwamba kiongozi alisema ni theluji, angalikuwa amemtia Bwana Kheri kinywani neno asilolisema, na siku ya kuulizwa angalionekana mwongo. Katika njia zote mbili, mwenyeji angalipoteza ushahidi wake.

Rebmann alichukua njia ya tatu. Alilihifadhi neno kama lilivyosemwa, akaeleza yeye alivyolielewa, kisha akaitoa sababu yake mwenyewe kando, kama mtu aliyekulia katika nchi ya theluji. Vitu hivyo vitatu hakuvichanganya. Kwa ajili hiyo maandishi yake yaweza kupimwa hata leo, kwani msomaji anajua lipi ni la Bwana Kheri na lipi ni la Rebmann.

Ubishi haukukatwa na kamusi. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton. Mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten, na theluji ikawaangukia wakiwa mlimani. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alipanda hata akaifikia. Rebmann alirudi Ujerumani mwaka 1875 akiwa amepofuka, akafa mwaka uliofuata. Jambo aliloandika lilikuwa kweli, na neno la Bwana Kheri lilikuwa kweli vilevile.

5. Kutasa

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa halina mlima wa kupanda ili ubishi ukatwe. Mwaka 1883 shirika la CMS lilianzisha kituo Sagalla chini ya J. A. Wray, ambaye mwaka 1894 alichapishiwa London kitabu kidogo cha kufundishia lugha ya Kitaita. Tangu hapo maneno ya ibada ya watu wa Taita yalianza kutafutiwa visawe, na miongoni mwa yaliyo magumu ni kutasa.

Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alilieleza tendo hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1978. Mwenye kutasa hutia kinywani funda la pombe, la maji ya miwa au la maji matupu, akalipuliza nje kwa mnyunyizo, huku akitamka maneno. Kwa maneno hayo huitoa hasira iliyo moyoni mwake na kuomba heri: afya, mvua, watoto, mifugo. Hasira iliyofichwa moyoni ndiyo iletayo madhara. Kwa hiyo tendo la kinywa na tendo la moyo ni tendo moja, na kwa neno hilo hilo dini yenyewe imepata jina lake.

Mfasiri wa Kiswahili afanye nini? Akisema kutema, ametoa tendo la mdomo na kulivua maana yake, na msomaji wa pwani atafikiri habari za dharau. Akisema kusali, ameleta nyakati na utaratibu wa msikitini na kanisani. Kuomba kuna maana ya dua na maana ya mwenye kunyoosha mkono njiani, lakini hakuna hasira ndani yake. Kutambika kwaelekea mizimu, na hakuonyeshi kwamba mtu aweza kutasa kwa ajili ya ndugu yake aliye hai, mbele yake, nyumbani kwake. Tena asikie na mtego wa sauti: kwa Mswahili tasa ni asiyezaa, ilhali kutasa ni kuomba uzazi.

Neno la Kiswahili lililo karibu kuliko yote si la ibada. Ni radhi. Mtoto humtaka mzazi radhi, na asiyekuwa na radhi za wazazi hafanikiwi hata akijitahidi namna gani. Katika radhi mmekutana kusamehe, kuondoa kinyongo na kutakia heri, na Mswahili haoni kwamba hayo ni mambo matatu. Hata hivyo radhi haina funda la maji wala mnyunyizo, na hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, ilhali kutasa humhutubia pia Mungu na waliotangulia. Kisawe hiki chasaidia kufahamu, lakini hakiwezi kukalia kiti cha neno lenyewe.

Harris alifanya kama Rebmann. Alilibakiza neno kutasa katika kurasa zake, akalieleza, na jina la kitabu akalipa ile maana aliyoiona kuwa ya ndani, yaani kuitoa hasira. Hakudai kwamba hasira ndiyo maana yote.

6. Pepo na roho

Wafasiri wa Biblia walikutana na jambo hili hili kwa upande wa pili. Katika sura ya tatu ya Injili ya Yohana neno moja la Kiyunani, pneuma, hutumika kwa upepo na kwa roho, na mafundisho ya mahali hapo yamesimama juu ya umoja huo. Kiswahili kilikuwa na njia ya kuuhifadhi, kwa kuwa upepo na pepo ni jamaa moja. Lakini pepo wa pwani hupungwa kwa ngoma, na Taita nako ngoma ya mwazindika yajulikana kwa kazi hiyo hiyo ya mapepo. Neno hilo lilikuwa limekwisha kupata watu wake. Wafasiri wakaliacha pepo kwa waovu, wakachukua roho kwa yule Mtakatifu, na umoja wa Kiyunani ukavunjika.

Hawakuponyoka utata kwa kufanya hivyo. Roho ni uhai, ni koo, na mwenye roho ya chakula ni mlafi. Na pepo waliyemfukuza mlangoni alirudi dirishani, kwani Peponi ndiko mahali pa raha ya milele.

7. Hitimisho

Historia ya Taita yafundisha jambo ambalo lamfaa kila atungaye kamusi. Neno la maana mbili si dalili ya umaskini wa lugha, wala ya uzembe wa msemaji. Ni ushahidi wa vitu ambavyo watu waliviona kuwa kimoja. Mfasiri akilazimika kuvitenga, na mara nyingi hulazimika, ni wajibu wake kuonyesha mahali alipokata. Asipofanya hivyo, mzigo wa kosa humwangukia mwenye neno: kiongozi wa msafara huonekana hajui alichokuwa akikitazama, na mzee aombaye heri ya jamaa zake huonekana anatema mate.

Wanafunzi wa Voi leo wanayo maneno barafu na theluji, moja lenye asili ya Kiajemi na la pili ya Kiarabu, na hawahitaji tena kuuita weupe wa Kilimanjaro baridi. Lakini mwandishi wa kamusi aifikiapo herufi ya B yafaa aongeze mstari mmoja chini ya neno baridi: kwamba katika nyika ya Taita, mwaka 1848, lilitumika kwa theluji, na lilitumika sawasawa.