Mafunzo Kwanza, Mradi Baadaye: Kuomba Ufadhili wa Uzamivu katika Uhandisi wa Kuotesha Tishu

Anayeomba ufadhili wa uzamivu katika uhandisi wa kuotesha tishu mara nyingi huanza na kiungo: goti, ini, moyo, ngozi iliyoungua. Hueleza mateso ya wagonjwa, kisha huahidi kukiotesha upya. Maombi ya aina hiyo yanaweza kuwa fasaha na bado yakashindwa, kwa kuwa yananadi mradi mbele ya watu wanaotafuta mwanafunzi wa kufunzwa.

Taaluma hii bado changa. Mwaka 1993 Robert Langer na Joseph Vacanti waliieleza dhana ya uhandisi wa tishu katika jarida la Science. Mwaka 2012 Cato Laurencin, daktari wa upasuaji wa mifupa aliyesomea pia uhandisi hadi uzamivu, pamoja na Yusuf Khan, walitaka mipaka ipanuliwe: sayansi ya vifaa, seli shina, fizikia, baiolojia ya ukuaji na tiba ya wagonjwa vifanye kazi kama fani moja, ndiyo uhandisi wa kuotesha tishu.

Umuhimu wa muungano huo unaonekana kwenye ligamenti ya msalaba ya mbele ndani ya goti, ile wanayoichana wanasoka. Kwa kawaida daktari huziba pengo kwa kano iliyokatwa kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe. Laurencin na wenzake walisuka nyuzi za polilaktiki ziwe kiunzi cha kupandia seli, na mwaka 2007 wakachapisha matokeo ya majaribio katika magoti ya sungura. Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye muda. Nyuzi zikiyeyuka mapema, goti hulemea tishu ambayo haijakomaa. Zikichelewa, hubeba mzigo wote peke yake, na tishu isiyovutwa haiimariki. Mkemia anajua namna ya kuharakisha au kuchelewesha myeyuko, lakini hajui seli zinahitaji wiki ngapi. Mwanabaiolojia anazijua seli, lakini si nguvu zinazopita gotini mtu anaposhuka ngazi. Na mpasuaji anajua kwamba kifaa kisichofungika vizuri kwenye mfupa hakitamfaa, hata kiwe kizuri namna gani maabarani.

Mafunzo yanakusudiwa kutoa mtu anayeweza kusikilizana na wote watatu. Kwa hiyo kipande chenye thamani kuliko vyote katika barua ya mwombaji ni pale anaposema wazi elimu yake inaishia wapi, na ni kozi gani, msimamizi yupi wa pili, au muda gani hospitalini utakaomvusha. Waombaji wengi huficha mpaka huo kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Naona wanajinyima hoja yao bora.

Muundo wa fedha unaunga mkono mtazamo huu. Nchini Marekani njia mojawapo kuu ni ruzuku ya T32 ya Taasisi za Taifa za Afya (NIH), ambayo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1974. Fedha hupewa chuo kikuu, nacho huteua wanafunzi wachache. Connecticut na Northwestern ni miongoni mwa vyuo vilivyowahi kuipata kwa ajili ya taaluma hii. Chuo hupimwa kwa wahitimu kinaowatoa. Posho si ya kutajirisha mtu: katika mwaka wa fedha 2024 kiwango cha NIH kwa mwanafunzi wa uzamivu kilikuwa dola 28,224 kwa mwaka, na vyuo vingi huongezea.

Lipo sharti moja ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi inampasa alijue kabla hajaandika hata aya moja: T32 ni ya raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo huingia maabara ileile kwa mlango mwingine, akilipwa kama msaidizi wa utafiti kutoka ruzuku ya msimamizi wake. Wawili hao wanaweza kushiriki meza moja na hadubini moja, lakini mmoja analipwa ili ajifunze, mwingine analipwa ili mradi uende. Wa kwanza anaweza kupewa majuma ya kufuatana na wapasuaji. Wa pili akiomba ruhusa hiyo, lazima msimamizi atazame kwanza tarehe ya mwisho ya ruzuku. Sharti hilo linaeleweka kwa fedha za mlipakodi, ila chuo hakina sababu ya kulivusha hadi kwenye semina na ziara za hospitali, ambazo kumwongezea mtu kiti hakugharimu kitu cha maana.

Kwa mwombaji wa kutoka kwetu, basi, barua pepe kwa msimamizi mtarajiwa ina uzito kuliko fomu yenyewe. Aulize ruzuku itakayomlipa inaisha mwaka gani, nani atamlipa ikiisha kabla ya tasnifu, na kama wasaidizi wa utafiti huruhusiwa kuhudhuria mafunzo ya wenzao wa T32. Wapo watakaoona maswali hayo ni ya ujeuri. Msimamizi asiyeweza kuyajibu ni heri ajulikane kabla ya viza kugongwa.