Muadhini Asiyeona na Mwanamke Aliyeomba Stara



Madina ya Mtume (SAW), usiku wa Ramadhani ulikuwa na adhana mbili. Bilal akiadhini, watu wanaendelea na daku lao. Akiadhini Abdullah ibn Umm Maktum, mikono inatoka kwenye sahani. Naye Ibn Umm Maktum alikuwa haoni. Alingoja aambiwe kuwa alfajiri imeingia, ndipo anyanyue sauti. Na ni Mtume (SAW) mwenyewe aliyewaamrisha watu waifuate sauti hiyo.

Wengi wetu tunamjua kwa Suratu Abasa tu. Alikuja kuuliza mambo ya dini wakati Mtume (SAW) akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, uso ukakunjwa, aya zikateremka kumtetea. Tukishafika hapo tunafunga msahafu, kama kwamba maisha ya mtu yule yalikuwa ni dakika ile moja. Kumbe alikuwa mtoto wa mjomba wake Bi Khadija. Jina analojulikana nalo limetoka kwa mama yake, Bi Atika, aliyeitwa Umm Maktum. Alihamia Madina miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa, yeye na Mus'ab ibn Umayr, kabla ya Mtume (SAW) kufika mwaka 622, na kazi yao ilikuwa kuwasomesha watu Qur'ani. Yaani kabla ya kuwa muadhini alikuwa mwalimu. Baadaye Mtume (SAW) alipotoka kwa safari, zaidi ya mara moja alimwachia yeye mji na kuwasalisha watu.

Kuna siku aliomba ruhusa ya kusali nyumbani, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumshika mkono hadi msikitini. Akaulizwa: unaisikia adhana? Akasema naisikia. Basi akaambiwa aitikie. Ukiisoma haraka utaiona nzito. Mimi naona ndani yake heshima kubwa: safu ilikuwa na nafasi yake, na hakuna aliyemwambia abaki ndani kwa kuwa ataonekana mzigo. Lakini ilipokuja habari ya vita, aliposikitika kuwa hawezi kutoka kama wenzake, aya ya Suratun Nisaa iliteremka na kuwatoa wenye udhuru katika lawama. Alipewa nafuu palipohitajika nafuu, na alipewa kazi palipokuwa na kazi. Hayo ni mambo mawili, na sisi mara nyingi tunatoa la kwanza tukidhani tumemaliza.

Miaka ikapita, utawala ukahamia Damascus. Mwaka 88 Hijria, kiasi cha mwaka 707, Khalifa al-Walid aliwawekea wagonjwa wa ukoma fungu lao ili wasilazimike kuomba, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi, na kila asiyeona mtu wa kumwongoza njia. Hiyo haikuwa sarafu ya Ijumaa mlangoni mwa msikiti. Ilikuwa haki inayotoka hazina.

Sasa turudi nyuma kidogo kwa mwanamke mmoja, Umm Zufar. Alikuwa mrefu, mweusi, na alikuwa akianguka kifafa. Alikwenda kwa Mtume (SAW) akamweleza kuwa anaanguka na nguo zinamfunuka, amwombee. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Ila akaongeza ombi lake: asifunuke. Akaombewa hilo.

Hebu tulitazame vizuri. Hakuna aliyemwamulia. Aliulizwa, akajibu, na alichokitaka hasa kilikuwa stara yake. Mtu mwingine angeweza kukaa naye mwaka mzima akimhurumia kifafa, asijue kuwa kinachomnyima usingizi ni nguo.

Hapa Zanzibar tuna sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006. Ni jambo zuri. Lakini sheria haifiki kwenye chumba ambamo binti ameambiwa ajifungie, kwa sababu wageni wa posa wanakuja kumtazama mdogo wake na familia inaogopa watamwona yeye. Haifiki pia kwenye ukumbi wa harusi wa ghorofa ya pili usio na njia ila ngazi. Wewe bi harusi unayehesabu kadi sasa hivi, mpigie simu binti ami yako anayetumia kiti cha magurudumu, umuulize yeye, si mama yake, anataka kukaa wapi na anataka kufanya nini siku hiyo. Huenda ana mkono mzuri wa piko kuliko uliyemlipa.

Aliyetufikishia kisa cha Umm Zufar, kutoka kwa Ibn Abbas, ni Ata ibn Abi Rabah. Alizaliwa Yemen, akakulia Makka, akiwa katika watu walioachwa huru. Waandishi wa tarehe wanamweleza kuwa alikuwa na jicho moja, mkono uliopooza na mguu wa kuchechemea, na mwisho wa umri wake akapoteza kuona kabisa. Huyo ndiye aliyekuwa mufti wa Makka. Imepokewa kuwa msimu wa Hija ulitolewa mbiu kwamba asifutu watu ila Ata. Na Khalifa Sulayman ibn Abdulmalik alipokuja kuhiji na wanawe, alimkuta Ata anasali, akakaa chini akamngoja mpaka amalize, ndipo amuulize.